Ngoma ya kijijini ndani ya laptopu: mwongozo kamili wa kutengeneza albamu ya kielektroniki bila kuiua ngoma

Kila mwezi natumiwa faili lilelile, linabadilika jina tu. Kijana wa Mbeya, Njombe au Iringa amekwenda kwa babu yake, amerekodi ngoma kwa simu, amerudi mjini, amefungua programu, ameweka kiki (lile pigo zito la chini la mashine) na besi, na mambo yamekataa. Ngoma inakimbia, kiki inabaki nyuma. Kinanda kinagombana na marimba. Mwisho anachoka, anaikata ngoma kipande cha sekunde mbili na kukirudiarudia juu ya biti ya kila siku. Ngoma ya babu imegeuka pambo.

Nikiyafungua mafaili hayo nakuta kosa moja lenye sura nyingi: mpigaji amelazimishwa kuifuata mashine. Fanya kinyume. Mashine imfuate mpigaji, kuanzia siku ya kurekodi hadi siku ya kutoa albamu. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye uamuzi huo, kwa hiyo ukiruka moja utaikuta ikikungoja mbele.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda gari

Kinasa sauti. Kile cha mkononi chenye maiki mbili kinatosha. Kama huna, tumia simu, ila iwe na programu inayorekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) na inayokuruhusu kuweka kiwango cha sauti mwenyewe. Programu ya kurekodi iliyokuja na simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi: ngoma ikipigwa inaishusha sauti yote, halafu inaipandisha tena polepole. Ukisikiliza baadaye utasikia rekodi inahema kama mtu aliyepanda mlima Loleza.

Hedifoni zinazofunika sikio lote. Za kawaida za kuchomeka sikioni hazikutengi vya kutosha na ngoma iliyo mbele yako, hivyo hutajua kilichoingia kwenye mashine ni kipi.

Kadi mbili za kumbukumbu. Rekodi kwa biti 24 na 48,000 Hezi. Kwa stirio, saa moja inakula takriban GB 1. Kadi ya GB 32 inabeba kama saa 30, kwa hiyo huna sababu ya kubana ubora.

Powabenki, betri mpya, na adapta. Usitegemee umeme wa kijijini siku hiyo.

Stendi. Ukikosa, kata mwanzi, uchomeke ardhini, na ufunge maiki kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo si wa kufungia tu. Unazuia mtikisiko wa ardhi usipande hadi kwenye maiki, na watu 20 wakicheza, ardhi inatikisika kweli.

Kizuia upepo. Sponji nene, juu yake kipande cha blanketi la manyoya. Aliyewahi kusimama Makambako mchana hahitaji maelezo.

Daftari na kalamu. Utaandika zaidi ya unavyodhani.

Laptopu yenye RAM ya GB 8 au zaidi. Kwa programu, Reaper, Ableton Live na FL Studio zote zinafaa. Audacity ni ya bure na ni nzuri kwa kusafisha na kukata, lakini albamu nzima itakutesa humo. Ongeza Surge XT, kinanda cha ndani ya kompyuta cha bure, utaelewa sababu kwenye hatua ya 7.

Hela ya wapigaji, kwenye bahasha yake, mbali na nauli.

## Hatua ya 1: Nenda mara ya kwanza bila kurekodi

Hapa ndipo wengi wanapoona napoteza muda wao. Nenda, salimia kwa salamu ya pale: "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "Ugonile" kwa Wanyakyusa. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, kaa, sikiliza. Kinasa sauti kibaki kwenye begi.

Una maswali matatu ya kuuliza. Ngoma hii hupigwa lini? Nani hupaswi kumsikilizisha? Na mguu unashuka wapi?

Maswali mawili ya kwanza yanakukinga na aibu. Kuna nyimbo za msiba, kuna za kumtoa mwali ndani, na ukiziweka chini ya biti ya klabu utakuwa umewatukana watu waliokukaribisha. La tatu ni la kiufundi kabisa. Mgeni husikia ngoma yenye sauti kubwa na kudhani hapo ndipo "moja", yaani mwanzo wa mzunguko, ilipo. Mara nyingi haipo hapo. Usiwatazame wapigaji, tazama miguu ya wachezaji, hasa akina mama wa makamo ambao hawajionyeshi. Nyayo zinapogusa chini, hapo ndipo mzunguko unaposimamia.

*Utajua umefaulu* ukiweza kupiga makofi ya mwitikio pamoja nao kwa dakika nzima bila mtu kukugeukia.

## Hatua ya 2: Chagua mahali na msimu

Epuka nyumba ya bati wakati wa mvua. Hili nililijifunza Tukuyu, ambako mvua haiombi ruhusa: nilipanga wapigaji sebuleni, dakika ya kumi bati likaanza kunguruma, na saa mbili zilizofuata zote zikawa mvua yenye ngoma kwa mbali. Nilirudi Mbeya na uso wa mtu aliyeibiwa. (Usiifute rekodi ya namna hiyo. Tutairudia.)

Kwa nyanda zetu, Juni hadi Oktoba ni salama zaidi. Kuna baridi, hasa Makete na Njombe, lakini mbingu iko kimya na shughuli za harusi ni nyingi.

Chagua uwanja wa udongo wenye miti pembeni. Ukuta mmoja wa tofali nyuma ya wapigaji unasaidia, kuta mbili zinazotazamana zinaleta mwangwi wa kudundadunda. Kabla ya kupanga chochote, simama katikati, piga kofi moja, sikiliza. Kisha tembea mita 100 kila upande ukitafuta adui: mashine ya kusaga, bodaboda zinapopita, jogoo, redio ya jirani. Jogoo humuwezi. Mwenye mashine ya kusaga unaweza kumwomba saa moja.

Mwisho, rekodi dakika 2 za ukimya wa pale pale, watu wote wakiwa wamenyamaza. Unazihitaji kuziba mapengo baadaye, na zina kazi nyingine hatua ya 8.

## Hatua ya 3: Weka maiki

Usianze kwa kumwekea kila mtu maiki yake. Kinasa sauti kimoja chenye maiki mbili, kikiwa mahali sahihi, kinashinda maiki sita zilizowekwa ovyo.

Kwa kundi zima, simama anaposimama mtazamaji bora, mita 2 hadi 3 mbele, maiki ikiwa usawa wa kifua cha wapigaji. Vaa hedifoni, sogea kushoto na kulia mpaka ngoma kubwa isimmeze mwimbaji. Kama inammeza, usishushe kiwango cha mashine. Rudisha ngoma kubwa nyuma hatua tatu na mlete mwimbaji mbele.

Weka kiwango ili mapigo makali yafike takriban −12 desibeli, na uwaombe wapige kwa nguvu zao zote wakati unapopima. Watakupigia taratibu kwa adabu, halafu ngoma ikikolea watapanda. Sauti iliyopasuka kwenye rekodi haina dawa. Sauti ndogo unaweza kuikuza.

Njuga zina utaratibu wake. Zipo kwenye vifundo vya miguu, maiki iko kifuani, kwa hiyo zinasikika kama mchele unaomwagika chumba cha pili. Rekodi mcheza njuga mmoja peke yake, maiki ikiwa nusu mita kutoka ardhini, akikanyaga udongo na si zulia wala saruji. Udongo ni nusu ya ala ile.

Ligombo la Wahehe ni la kusogelewa. Ni ubao uliochongwa kama hori dogo, uzi mrefu mmoja umepitishwa mara kadhaa kutoka ncha hadi ncha, na kibuyu cha kukuzia sauti. Sauti yake ni ndogo. Weka maiki sentimeta 30 hadi 40 mbele, kati ya kibuyu na vidole, na uielekeze kando kidogo ya mdomo wa kibuyu ili besi isijae. Ukiwa umevaa hedifoni utasikia kitu ambacho hukukisikia ukiwa umesimama: ukucha unagusa uzi kabla ya sauti, mkwaruzo mfupi kama kiberiti kisichowaka. Ukiona unausikia, umefika. Usisogee tena.

## Hatua ya 4: Rekodi nzima kwanza, vipande baadaye

Anza kila rekodi kwa kusema tarehe, mahali, jina la ngoma na jina la kila mpigaji. Piga kofi moja kubwa. Mwombe mwenye ngoma apige pigo moja la wazi. Mwisho wa rekodi arudie pigo lile.

Pigo hilo lina sababu. Ngozi hubadilika. Wapigaji huipasha ngoma moto ili ikaze, kisha hewa ya baridi inailegeza na sauti inashuka taratibu. Bila pigo la mwanzo na la mwisho hutajua besi yako ilitakiwa kuwa wapi dakika ya nane. Hakikisha moto upo karibu, ila si karibu na maiki. Kuni mbichi zinapasuka kwa sauti kubwa kuliko unavyodhani.

Waache wapige mpaka wao wenyewe wamalize. Ngoma yenye uhai huchukua dakika kadhaa kuchemka, na sehemu utakayoitumia karibu daima ipo baada ya hapo. Ukiwakata dakika ya tatu umerekodi wapigaji wakitafutana.

Baada ya kupata rekodi nzima mbili au tatu, ndipo uombe ngoma mojamoja. Onyo: usimweke mpigaji wa pili peke yake na kumwambia "piga sehemu yako". Sehemu yake imeshonwa ndani ya ya mwenzake, akibaki peke yake mkono unasahau. Mpe hedifoni moja asikie rekodi nzima, au mwache mwenzake apige makofi ya chinichini mita 5 nyuma yake. Usimpe mlio wa "tik tik" wa kompyuta. Atajitahidi kukuridhisha, na utakuwa umemharibu kabla hujafika kwenye laptopu.

Simu zote pembeni ziwe zimezimwa au ziko katika hali ya ndegeni, yako ikiwa ya kwanza.

Jambo la pembeni: ulanzi (pombe ya mianzi) ni mzuri, lakini uje baada ya rekodi ya pili. Baada ya hapo tempo ni mali ya ulanzi.

## Hatua ya 5: Hifadhi usiku huohuo

Nakala tatu: laptopu, flashi, na kadi yenyewe ambayo haifutwi mpaka albamu itoke. Faili lipewe jina lenye tarehe, mahali, ngoma na namba ya rekodi. "Audio 0047 mpya kabisa final" halitakusaidia mwaka kesho.

## Hatua ya 6: Mashine imfuate mpigaji

Sasa tupo mezani, na hapa ndipo albamu nyingi zinapofia.

Ukiburuta faili ndani ya programu, baadhi ya programu hulinyoosha zenyewe lilingane na tempo ya mradi. Zima kazi hiyo kwanza. Kisha zima gridi, ile mistari ya programu inayogawa muda sawasawa. Skrini iwe na mawimbi tu.

Sikiliza, na ubonyeze alama kila mzunguko unapoanza upya, yaani pale mguu unaposhuka. Weka alama kwa sikio, usiweke kwa macho. Wimbi kubwa kwenye skrini si lazima liwe mwanzo wa mzunguko. Alama moja kwa kila mzunguko inatosha kwa kuanzia.

Ukimaliza, pima umbali kati ya alama. Tuseme mwanzoni mzunguko unachukua sekunde 2.10 na mwishoni sekunde 1.92. Ukihesabu hatua 4 ndani ya kila mzunguko, ngoma imeanza kwenye tempo 114 (mapigo kwa dakika) na kuishia 125. Aliyeweka kiki kwenye 120 bila kubadilika alikuwa sahihi kwa sekunde chache katikati, na amekosea kwenye sehemu zote zilizobaki. Ngoma haikuwa "inakimbia ovyo". Ilikuwa inapanda, kwa sababu wachezaji walikuwa wanapanda.

Geuza alama zako ziwe ramani ya tempo ya mradi. Reaper na Ableton Live zote zina njia ya kuifanya rekodi iwe kiongozi na gridi iifuate. Kuanzia hapo kila kinanda, kila kiki, kila mwangwi wa mashine utapanda na kushuka pamoja na mpigaji.

Halafu kuna hesabu ya ndani. Ngoma nyingi za kwetu zina mapigo madogo 12 kwenye mzunguko: mkono mmoja unayahesabu matatumatatu ukapata manne, mwingine mawilimawili ukapata sita, na utamu wote upo kwenye ugomvi wa mikono hiyo miwili. Programu mpya inakuja na 4/4 iliyogawanywa mapigo 16. Ukiyasukuma 12 ndani ya 16, unavunja mtu mguu. Badilisha mradi uwe 12/8 kabla ya kuandika noti yoyote.

Hata mapigo hayo 12 hayalingani. Mpigaji mzuri huchelewesha moja, huwahisha jingine, kila mara kwa kiasi kilekile. Tafuta mzunguko mmoja ambao wachezaji walipiga kelele, unakili mwendo wake (programu nyingi zinaweza kuuchomoa kama mfano) na uuvike kwenye sauti za mashine. Usifanye kinyume. Kitufe cha kunyoosha mapigo kwenye gridi kisiguse ngoma hata mara moja.

Mara ya kwanza mimi nilikigusa. Nilinyoosha kila kitu, kikawa safi kama shati la Idi, nikampelekea mpigaji mwenyewe, mzee mmoja nje kidogo ya Iringa. Alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akaniuliza kwa upole, "Mjukuu, huyu anayepiga ni nani? Hana magoti."

*Utajua umefaulu* hivi: zima ngoma zote, bakiza sauti za mashine peke yake. Mtu anayeijua ngoma ile akiweza kuicheza bila kuuliza, ramani yako ni nzima.

## Hatua ya 7: Kinanda kiifuate marimba

Sura ya pili ya kosa lilelile. Marimba ya mkono haikutyuniwa na kiwanda cha piano. Ukiweka kinanda cha kawaida juu yake vitagombana, na wengi hapo hukimbilia programu ya kunyoosha sauti ya marimba. Acha.

Piga kila ufunguo wa marimba peke yake mara tatu, soma Hezi zake (mitetemo kwa sekunde) kwenye programu ya kutyuni gitaa, andika wastani kwenye daftari. Sasa linganisha. Wanamuziki hugawa hatua ya ufunguo mmoja wa kinanda hadi unaofuata kuwa senti 100, na oktava nzima ni senti 1,200.

Mfano. Ufunguo mmoja una Hezi 220, wa juu yake 256.7. Hatua hiyo ni senti 267. Kinanda hakina hatua kama hiyo: kina 200, kina 300. Ukilazimisha 300, kinanda kitapiga 261.6, na vikilia pamoja utasikia sauti ikitetemeka karibu mara 5 kila sekunde. Huo mtetemo ndio watu huuita "marimba mbovu". Marimba haina ubovu wowote.

Hatua ya 267 sikuichagua hovyo. Ni uwiano wa 7 kwa 6, na unazaliwa wenyewe ndani ya sauti ya uzi mmoja, juu ya noti ya msingi. Majirani zetu Wagogo, ukivuka Mtera, wamejenga uimbaji na marimba zao juu ya sauti hizo za asili, ya saba ikiwemo, ambayo iko senti 31 chini ya ile ya kinanda. Masikio yaliyokulia shuleni yanaisikia kama kosa. Ipe wiki moja.

Njia za kulitatua ni mbili. Ya kwanza: Surge XT hupokea faili la tyuni, unaingiza senti zako na kila sauti ya kinanda hicho inaongea lugha ya marimba yako. Ya pili, ninayoipenda zaidi: achana na vinanda, rekodi kila ufunguo, uweke kwenye sampula (kinanda kinachopiga sauti ulizorekodi mwenyewe), kila ufunguo mahali pake. Hapo hakuna hesabu, na hutakosea.

Sauti za waimbaji usizipime. Zinateleza kati ya funguo, na ziachwe ziteleze.

## Hatua ya 8: Sauti za mashine zizaliwe na ngoma

Hii ni sheria yangu, unaweza kuikataa: kila sauti ya kielektroniki kwenye albamu itoke kwenye folda niliyorudi nayo kijijini. Sichukui kiki wala besi ya kununua. Sababu ni ya kivivu: sauti zilizozaliwa uwanja mmoja zinakubaliana zenyewe, na kazi ya kuchanganya inapungua nusu.

Besi: chukua pigo la ngoma kubwa, lipunguze mwendo nusu. Sauti inashuka oktava moja na mkia wake unarefuka maradufu. Lipunguze nusu tena na una mngurumo wa kubeba wimbo mzima.

Ukungu wa nyuma: chukua uzi mmoja wa ligombo, ukate kuwa punje za milisekunde 20 hadi 80, zimwage juu ya nyingine bila mpangilio. Uzi uliokuwa unakufa baada ya sekunde mbili sasa haufi. Kumbuka ule mkwaruzo wa ukucha: usiukate, ukirudiwa mara elfu unakuwa kama manyanga yanayosikika ndani ya ukungu.

Kidundio cha juu: kile kinachotikisika "tsi tsi tsi" kwenye biti zote. Mimi natumia mvua. Rekodi yangu ya Tukuyu iliyoharibika ina saa mbili za matone juu ya bati, na kila tone ni pigo dogo lenye chuma ndani. Nilichagua 30, nikayapanga kwenye mapigo 12 kwa mwendo niliouchomoa kwa mpigaji. Sijawahi kununua kifurushi cha sauti tangu siku hiyo.

Na zile dakika 2 za ukimya zipite chini ya wimbo mzima, chinichini sana. Masikio hayatazitambua, lakini ukizizima kila kitu kinaonekana kimebandikwa kwenye karatasi.

Onyo moja: majaribio yana ulevi wake. Ukisahau ngoma ilisikikaje asili, rudi kwenye rekodi nzima, sikiliza dakika 5 bila kugusa kitu.

## Hatua ya 9: Kuchanganya

Usisafishe mkwaruzo. Marimba nyingi zina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, au pete za chuma zinazolia "zzz" pamoja na noti. Mtengenezaji aliziweka makusudi. Programu ya kuondoa kelele inaziona ni uchafu, na ndiyo maana marimba yako inasikika imechuja kama kitenge kilichofuliwa mara mia. Kama zinazidi, shusha kidogo kwa ikwalaiza kwenye maelfu ya Hezi, kwa mkono.

Chini kuna nafasi ya mtu mmoja. Ngoma kubwa na besi ya mashine vikikaa Hezi zilezile, vyote viwili vinapotea. Amua kwa kila wimbo nani anabeba chini, na mwingine umpunguzie sauti za chini.

Kompresa iwe nyepesi. Ngoma inaongea kwa tofauti ya pigo kubwa na dogo, ukizisawazisha umeinyamazisha. Kwa sauti ya mwisho, lenga takriban −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima) na kilele kisipite −1 desibeli. Spotify husawazisha nyimbo kwenye kiwango hicho kwa kawaida, hivyo kukandamiza zaidi kunakupunguzia uhai bila kukuongezea sauti.

Jaribu kwenye simu, kwenye sabufa ya kinyozi, na ndani ya bajaji inayokwenda Mwanjelwa. Kwenye bajaji usitegemee kusikia ligombo. Sikiliza kama mguu bado unashuka.

## Hatua ya 10: Majina, haki na kurudi

Nyimbo 6 hadi 8, dakika 35 hivi, zinatosha. Acha angalau rekodi moja ipite nzima bila mashine, katikati ya albamu, si mwisho kama zawadi ya rambirambi.

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasizidi kurasa mbili: nani amepiga nini, amelipwa kiasi gani siku ile, na atapata sehemu gani albamu ikiingiza hela. Majina ya wapigaji yakae kwenye kila wimbo. "Ngoma ya asili ya Kihehe" si jina la mtu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo usidhani wimbo usio na mtunzi anayejulikana ni wa kuokota. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kisha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa idhini, na COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwa kusajili kazi yenu. Anza mapema, kabla albamu haijachanganywa.

Halafu rudi kijijini kabla ya kutoa chochote. Beba spika, na beba albamu kwenye kadi za kumbukumbu, moja kwa kila mpigaji, kwa sababu redio za kadi zipo nyumba nyingi na intaneti si ya kutegemea. Piga nyimbo zote uwanjani palepale. Usieleze chochote, kaa uangalie miguu. Mahali watu walipoacha kucheza, andika dakika na sekunde kwenye daftari. Orodha hiyo ndiyo marekebisho yako ya mwisho.

Na beba powabenki ya ziada. Watataka kusikia mara tatu, na ule wa mvua ya Tukuyu watabisha kwamba ni mashine.